Kibuyu cha Kwanza cha Isanzala

"Mficha ya kisima hupewa kibuyu cha kwanza." Jana mkutanoni mlimsikia bibi yenu akimwambia hivyo mtendaji wa kijiji, aliyekataa kutuonyesha vipimo vya kisima kipya, nanyi mkacheka. Nitawaeleza neno hilo lilikotoka, kisha mtaamua wenyewe kama linachekesha.

Lilitoka Isanzala, katika nchi kavu ya Wagogo, ambako wanawake walipata maji kwa kufukua mchanga wa korongo. Huko kulikuwa na desturi: aliyechimba kisima hunywa kwanza mbele ya majirani, ili aonje alichowapa wenzake. Asipokunywa yeye, hanywi mtu.

Karani wa ofisi ya maji wilayani aliitwa Chidosa, mtu nadhifu wa mavazi na mzito wa kufungua kabati. Kabatini mwake mlikuwa na faili za visima vyote vilivyowahi kupimwa na serikali. Siku moja alijiwa na bibi wa Isanzala, jina lake Sechelela. Serikali ilikuwa imetangaza kuchimba kisima cha pampu kijijini kwao, na bibi alikumbuka kwamba palepale, alipokuwa ameolewa karibuni, palichimbwa kisima kingine kikazibwa kwa saruji. Hakuna aliyeambiwa sababu. Alitaka kuijua kabla wajukuu zake hawajayanywa maji hayo.

Chidosa alimjibu kwamba nyaraka za serikali si gazeti. Bibi akarudi tena na tena. Akakalishwa kwenye benchi, akaambiwa aandike barua, na alipoileta akaambiwa wa kuisoma yuko safarini. Hayo mnayajua, hayajabadilika sana.

Ukweli ni kwamba Chidosa alikuwa ameisoma faili. Ukurasa wa kwanza ulisema maji yale yana madini ya floridi kupita kiasi, na kwamba watoto wakiyazoea yatawaharibu meno na kuwapinda mifupa. Lakini mkuu wake alikwisha kuahidi kisima mahali hapohapo, tena hadharani, na karani akaona heri anyamaze kuliko kumkosoa bwana mkubwa. Woga tu, hakuna zaidi.

Kisima kikachimbwa. Siku ya ufunguzi Chidosa aliitwa mbele, akadhani anaheshimiwa, akanyoosha koti lake. Kumbe wazee walikuwa wamekwama. Iliyochimba ni mashine, sasa nani aanze kunywa? Sechelela ndiye aliyewatatulia.

"Mashine haina koo," alisema. "Mwenye kisima ni mwenye habari zake, na habari zote anazo bwana huyu. Mpeni kibuyu."

Akapewa. Maji yalikuwa maangavu, hayana harufu. Alijua kwamba funda moja halimdhuru mtu mzima. Angemeza, wangepiga vigelegele, naye angerudi mjini kula chakula chake cha jioni. Lakini nyuma ya bibi watoto walikuwa wamejipanga na vikombe vyao, wakimtazama yeye tu. Alikiinua kibuyu mpaka mdomoni, kisha akakishusha.

"Kunywa, mwanangu," Sechelela alimwambia kwa upole. "Tunakungoja wewe."

"Mama, haya si ya kunywa."

"Umejua lini?"

"Tangu siku uliyokuja mara ya kwanza."

Hakuna aliyempiga wala kumtukana, na hilo lilimchoma kuliko matusi. Wazee walimwambia akailete faili, na alipoileta akatakiwa kuisoma mwenyewe kwa sauti, mbele ya wote. Alipomaliza ukurasa wa kwanza, wakamwambia aendelee. Ukurasa wa pili hakuwahi kuufungua, maana mwenye kuficha hasomi zaidi ya kile anachokificha. Ulisema kwamba wapimaji walewale wa zamani walipata maji matamu, tena tele, ng'ambo ya korongo, kwenye njia ambayo wanawake wa Isanzala walipita kila siku na ndoo kichwani.

Sechelela alimwomba alirudie fungu hilo. Aliporudia, bibi aliketi chini akalia. Ujana wake wote, na uzazi wake, na uzee wake, alikuwa akipita juu ya maji akienda kufukua mchanga.

Kisima kingine kikachimbwa huko ng'ambo; kipo mpaka leo, na watu wa kule wananywa. Chidosa mwenyewe ndiye aliyelisimulia jambo hili popote alipopelekwa kazini, bila kujitetea, na ndivyo neno lilivyotufikia huku.

Kwa hiyo bibi yenu jana hakuwa anamtania mtendaji. Alikuwa anamuuliza kama yeye na wanawe watakunywa maji ambayo hataki tujue yamepimwa vipi. Naye mtendaji aliinamisha kichwa, maana alilielewa: mficha ya kisima hupewa kibuyu cha kwanza.