Kiti cha Sultani Bustanini

Palikuwa na Sultani aliyewapa watu wake bustani, kisha akawanyima kukaa. Jina lake Nasibu. Alisikia kwamba huko Marekani, joto likizidi, watu wa mjini hupewa bustani wapumzike, matarumbeta yakipigwa. Hakutaka kupitwa. Akapanda majani, akaweka mabenchi, akaleta wapiga matarumbeta. Kisha akaweka katikati kiti chake cha enzi, kitupu, na mpiga mbiu akatangaza: "Kiti hiki ni Sultani mwenyewe! Atakayekaa mbele yake atafukuzwa mjini!"

Basi watu wakaja kupumzika wima. Walisimama tangu alasiri hadi magharibi, jasho likiwatiririka, wakishukuru. Mabenchi yalibaki mapya kabisa.

Siku moja akaja Bi Zawena, msuka mikeka, mjane mwenye magoti mabovu na mdomo mzima. Akakaa benchini, akavua na viatu. Askari wakamkamata. Alikuwa na kibanda kimoja tu, mji huohuo, na nje ya mji hakuwa na ndugu wala jamaa. Watu walimwonea huruma, tena sana, lakini wakiwa wima.

Akafikishwa barazani. Kadhi alikuwa ubavuni mwa Sultani.

"Ulikaa mbele yangu?" akauliza Sultani.

"Nilikaa mbele ya kiti, bwana."

"Kiti ndicho mimi!"

"Kina macho?"

"Kinaona yote."

"Na masikio?"

"Kinasikia hata unachonong'ona."

"Nikikitukana?"

"Umenitukana mimi, na utakiona cha mtema kuni."

"Nikikitolea salamu?"

"Umenisalimu mimi." Sultani akatabasamu, akidhani bibi ameanza kuelewa.

Bi Zawena akamgeukia Kadhi. "Shehe, Mwislamu akitolewa salamu, akaisikia, akanyamaza?"

Kadhi akatazama dari. "Kuitikia ni wajibu," akasema polepole. "Huyo ameacha wajibu."

"Basi kabla sijakaa nilisimama mbele ya kile kiti, nikasema 'Asalamu alaikum', kwa sauti, tena na tena. Askari hawa walinisikia."

Askari wakaitikia kwa vichwa, kisha wakajuta.

"Hakikujibu, bwana. Nikajiambia, Sultani wetu mcha Mungu hawezi kuninyima salamu; hiki ni kiti tu. Ndipo nikakaa. Kama nilikosea, niambie sasa hivi, Kadhi akisikia."