Sura Iliyotangulia Habari

"Asiyejichagulia uso, huvikwa wa adui."

Mmemsikia Bi Zubeda Kaoneka akimwambia hivyo kijana aliyetaka kurusha tangazo la mkutano bila kulitazama. Mkacheka, kisha mkaja kuuliza maneno hayo yametoka wapi. Basi kaeni. Hayakushuka na mvua. Yalizaliwa hapa hapa Kwemvumo, na waliokuwepo bado wanateka maji.

Mwaka ule kampuni moja ya kujaza maji kwenye chupa ilikuja kuomba chemchemi yetu. Wenye nguvu huomba hivyo siku zote, nguzo za uzio zikiwa tayari zimepakiwa kwenye lori. Ukapangwa mkutano wa hadhara siku ya Jumamosi, wananchi wanyooshe mikono: uzio uwekwe au usiwekwe. Uzio ukipita, chemchemi ingekuwa ya kampuni, na sisi tungeachiwa bomba moja nje ya waya.

Katibu wa Umoja wa Watumia Maji alikuwa Mbwana Shekiondo, fundi baiskeli. Darasa alilikimbia mapema, akajifunza kuandika kwa kuyasoma magazeti yaliyofungiwa sukari. Hakuwa mtu wa kukaa. Hata chakula alikula amesimama, jicho liko barabarani. Na kichwani alibeba kila dhuluma iliyowahi kufanywa Kwemvumo, kubwa kuliko zote ile ya mwenyekiti wa ushirika aliyeuza shamba letu la miti ya miwati huku akiimba nasi kwaya. Hilo watu wote walilikumbuka. Ndiyo maana mtaa huu humnusa kiongozi wake kama anavyonuswa samaki wa jana.

Mbwana aliandika makala kwa ajili ya tovuti ya Umoja, na aliiandika kwa mtindo wake. Yeye alianza na mbaya wake, mkurugenzi wa kampuni ile. Aliweka picha yake juu kabisa, ili watu wamjue kwa sura, na chini ya picha akayaweka maneno ya mbaya huyo mazima mazima, bila kuyagusa. Kisha ndipo alipokunja mikono ya shati na kuyachana moja baada ya jingine, mpaka msomaji akifika mwisho hakuna lililobaki limesimama. Mikutanoni mtindo huo ulimpa makofi mengi.

Zubeda, aliyekuwa na duka la steshenari na ndiye aliyeitengeneza tovuti, alimwita dukani.

"Mjomba, nimeongeza kiprogramu kidogo, wanakiita plagini. Ukituma kiungo cha makala kwenye grupu la mtaa, kabla mtu hajafungua anaona picha, kichwa cha habari na maneno machache. Sasa kinaniuliza niweke picha ipi na maneno yapi."

"Makala si ina picha? Si ina maneno?"

"Inayo. Lakini hapa tunazungumzia uso wake. Wengi hawavuki hapo."

"Watu wanaokaribia kunyang'anywa maji hawasomi nusu, Zubeda."

"Hawana bando, mjomba. Uso wanauona, kufungua ndiko kunakowashinda."

Mbwana alikuwa ameshashika mlango. Lori lilipita nje, akageuka kulitazama limebeba nini. Lilibeba kabichi.

"Tukiacha wazi," Zubeda akaendelea, "kitajichukulia chenyewe. Picha ya kwanza na maneno ya kwanza."

"Kijichukulie. Wewe tuma. Jumamosi imeshafika mlangoni, na sisi tunapaka hina."

Zubeda akatuma. Tangu hapo simu ya Mbwana haikutulia mfukoni, naye hakuitazama, maana alikuwa mbioni kutafuta spika za mkutano. Kila ilipotetemeka alijisemea kwamba moto umewaka.

Ulikuwa umewaka kweli. Asubuhi alipopita chemchemini aliwakuta wanawake na ndoo zao, naye akamwamkia mkubwa wao, Bi Mashavu Singano.

"Shikamoo, Bi Mashavu."

Bi Mashavu aliendelea kuteka maji. Mbwana akarudia shikamoo yake, na ya pili nayo ikaanguka chini. Aliyemjibu ni Mwasiti, muuza maandazi.

"Katibu, karibu. Umekuja kupima nguzo zipite wapi?"

"Nguzo za nani?"

"Za bwana wako anayecheka na glasi." Akamnyooshea simu.

Kwenye kioo alikuwepo mkurugenzi wa kampuni, ameinua glasi ya maji kama bwana harusi. Chini yake maneno: "Chemchemi itazungushiwa uzio kwa faida ya wananchi wote." Na chini ya maneno hayo, jina: Umoja wa Watumia Maji Kwemvumo.

Mbwana akaigonga ile picha kwa kidole. "Hayo ni maneno yake yeye. Nimeyaweka ili niyapige. Fungua, usome chini."

"Nifungue kwa bando lako?"

"Nitakununulia."

"Aa, kumbe pesa zimeshaanza kutembea," akasema mwingine, na ndoo zikacheka.

Alikwenda kwa Zubeda karibu anakimbia. Zubeda hakumkumbusha neno. Aliweka picha ya akina mama wakiteka maji, na maneno aliyoyachagua Mbwana mwenyewe, mara hii akiwa ameketi: "Hatutaki uzio. Jumamosi, mikono yetu ikatae." Wakakituma kiungo upya.

"Ile ya jana je?" Mbwana akauliza.

"Hapa nimeirekebisha. Ila iliyokwisha ingia kwenye simu za watu imebaki na uso wake, mjomba. Siwezi kuwafuata huko."

Basi grupu likawa na nyuso mbili za Umoja mmoja. Mwasiti akaandika: "Jana kaoa, leo kaacha." Watu wakacheka mpaka jioni.

Ijumaa nzima Mbwana alipita nyumba kwa nyumba, simu mkononi, akiwasomea makala yote mlangoni. Waliomsikiliza hadi mwisho walimwamini. Lakini kuna waliomfungia mlango, na waliosema kazi imekwisha, hawaendi Jumamosi kupigia makofi kitu kilichokwisha uzwa. Hao ndio waliomuumiza, kwa kuwa walikuwa wake. Hasira yao ilikuwa ile ile aliyowafundisha yeye.

Jumamosi afisa wa kampuni alisimama na simu.

"Ndugu wananchi, hata Umoja wenu umetangaza faida ya uzio."

Mbwana akainuka. "Hayo ni maneno yenu nyinyi."

"Yametoka kwenye ukurasa wa nani?"

"Wetu. Lakini ukisoma chini..."

"Ahsante, katibu. Nilitaka hilo tu."

Mikono ikanyooshwa. Waliotaka uzio walikuja wote, na mikono ambayo ingewashinda ilikuwa majumbani, imekunjwa kwa uchungu. Uzio ukapita.

Waya ulipokwisha fungwa, watu walianza kupanga foleni kwenye lile bomba la nje, linalotoa maji kama machozi ya mtu mwenye aibu. Mbwana alikuja na ndoo yake, akasimama nyuma kabisa. Kwa mara ya kwanza Kwemvumo ilimwona hana pa kwenda. Bi Mashavu aligeuka, akasema, akiwaambia wote lakini jicho liko kwake:

"Nimesomewa yale maandishi yako na mjukuu wangu, mpaka mwisho. Ni makali, na ni ya kweli. Lakini uliyatuma mtaani bila uso, yakaokota wa kwanza yaliyokutana nao. Nami nitajuaje ni wewe, ukinijia na sura ya anayeninyima maji?"

Mbwana hakujitetea. "Ningekuwa wewe, nami nisingeitikia ile shikamoo."

"Asiyejichagulia uso, huvikwa wa adui," Bi Mashavu akasema, akaisukuma ndoo yake mbele hatua moja.

Foleni haikucheka. Mwasiti aliyarudia maneno hayo polepole, na aliyekuwa nyuma yake akayachukua, yakaenda hivyo ndoo kwa ndoo mpaka yakamfikia Mbwana. Akayarudia na yeye.

Uzio upo hadi leo, mnauona. Ndiyo sababu Bi Zubeda hakucheka nanyi. Aliyaona maneno ya haki, yaliyotoka kwa mtu wa haki, yakipita mtaani na kuwafungia watu maji yao, kwa kuwa hakuna aliyekaa kitako kuyachagulia sura. Asiyejichagulia uso, huvikwa wa adui.