Jiwe la Mfalme na Mnazi wa Riziki

Jina lililochongwa hufutika, lililozikwa huota. Mmeisikia methali hii leo kisimani, wajukuu zangu, mkataka kujua nani aliisema kwanza. Haya, ilianza hivi.

Zamani Wafaransa walikuwa na desturi ya kuzivika nchi majina ya wafalme wao. Kisiwa kimoja wakakiita Burboni, kwa ukoo wa mfalme. Nchi kubwa ng'ambo wakaiita Luiziana, kwa jina la Lui mwenyewe. Merikebu yao moja ikafika kisiwa kidogo, penye bonde lililoitwa Kwa Riziki.

Riziki alikuwa mtoto wa kwanza kuzaliwa bondeni humo. Mama yake, Bi Tumbe, alikizika kitovu chake chini ya mche wa mnazi, kama ilivyo ada, na watu wakapaita mahali kwa jina la mtoto. Riziki hakufika miaka saba. Ukabaki mnazi, na jina.

Nahodha akasimamisha jiwe lililochongwa: Bonde la Lui. Akatangaza, kwa kinywa cha mkalimani wake Mbaruku, kwamba atakayelitaja jina la zamani atanyang'anywa shamba. Majirani wakaitwa mmoja mmoja, wakatamka Lui, wakaenda zao. Ikafika zamu ya Bi Tumbe.

"Hapa panaitwaje, mama?" akauliza Mbaruku.

"Kitendawili."

Mbaruku akainamisha macho. "Tega."

"Nilizika kipande cha mwanangu, sasa kinanipa kivuli."

Jibu Mbaruku alilijua. Kitovu chake nacho kilizikwa kisiwani humo. Akanong'ona, "Sema Lui tu, mama yangu. Ni neno moja."

"Nikilisema nitakuwa nimemzika mara ya pili. Mwambie, Kwa Riziki."

Shamba likaenda. Bi Tumbe akahamia mlimani na nazi moja ya ule mnazi kikapuni.

Miaka ikapita. Habari zikaja kwamba Wafaransa wamemkata mfalme wao kichwa. Wakafika askari wao wapya, wakalipasua lile jiwe kwa nyundo, maana jina la Lui hawakutaka tena kulisikia. Mkubwa wao akauliza hapo ni wapi, apate kuandika kwenye ramani. Wanawake kisimani, wale wale waliotamka Lui, wakamjibu bila kuinua vichwa: Kwa Riziki.

Mbaruku alipanda mlima kumpelekea Bi Tumbe habari. Shamba halikurudi, na Bi Tumbe hakuliulizia. Aliweka kiganja kwenye shina la mnazi wake, uliokuwa umeshazaa, akalia kimya kimya.

Mbaruku akavua kofia. "Mama," akasema, "jina lililochongwa hufutika, lililozikwa huota."