Kivuli cha Kanga Kilichotangulia Nyumbani

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmeshalala? Paukwa!

Pakawa!

Kivuli?

Cha mwenyewe!

Haya. Mmesema wenyewe, cha mwenyewe. Tutaona.

Hapo zamani za kale palikuwa na jabali jeupe katikati ya pori, limesimama wima kama ukuta wa chokaa. Ukisimama mbele yake, jua la asubuhi likikupiga mgongoni, kivuli chako kinaganda pale. Wewe unaondoka, chenyewe kinabaki. Wanyama walipenda kweli! Swala kaweka pembe zake. Nyani kaweka mkia, kesho yake akarudi kuuweka tena. Kutwa wako jabalini, wanatazamana, wanasifiana. Nyuma ya jabali alikaa nani? Hakuna aliyeuliza.

Bi Kanga alikuwa na vifaranga saba. Mwaka wa kwanza nguchiro alimlia mayai yote. Mwaka wa pili mvua ikayachukua. Hawa saba ndio waliopona. Basi mama wa watu furaha ikamjaa, akawapanga mstari, huyooo, mpaka jabalini, kivuli chake kikaganda pale.

Jabali likasema. Ndiyo, lilisema! Sauti laini, inatoka ndani kwa ndani.

"Watoto wazuri. Majina yao?"

Kanga akayataja.

"Na wewe, binti wa nani?"

Akalitaja jina la mama yake.

"Ukirudi nyumbani, wanajuaje kuwa ni wewe?"

"Nawaita hivi: Kwe-kwe-tii! Punje zangu, mbawa ziko wazi! Hapo wanatoka miibani mbio."

"Vizuri," likasema jabali. "Vizuri sana."

Wanyama wakapiga vigelegele. Jirani yake Nungunungu, ambaye akiwa na neno hulitema, akamvuta pembeni. "Shoga, neno la kufungulia mlango unalitangaza? Wewe mzima kweli?"

"Wivu huo," Kanga akamjibu. "Wanao wana miba, nani awatazame?"

"Na wasitazamwe," akasema Nungunungu, akaenda zake.

Kuanzia hapo mambo yakawa mambo. Kanga akitamani mtama, anaukuta njiani umerundikwa. Akitamani panzi, panzi hao. Akadhani ni bahati. Siku moja akaamka na hamu ya kumbikumbi. Hakumwambia mtu. Hata mdomo hakuufungua. Ametoka tu, kumbikumbi wale pale, wamepangwa mstari njiani, mmoja, mmoja, mmoja. Mwili ukamsisimka. Lakini njaa haina adabu. Akadona. Do! Do! Do! Akaufuata ule mstari, mbali na nyumbani, mbali zaidi.

Mstari ukakatikia jabalini. Akainua kichwa. Vivuli vyote vipo. Cha Swala kipo. Vya Nyani vipo, viwili. Pale pake, peupe.

Swala alikuwa amesimama hapo, akashangaa. "Bi Kanga! Si nimekuona sasa hivi unaelekea kwako? Nimekuamkia, hukuitikia."

Akakimbia. Puru! Puru! Puru! Ilikuwa saa sita, jua la utosi, saa ambayo hata tembo hana kivuli cha kumfaa. Nyasi zimenyamaza. Ndege hakuna.

Akafika karibu na kichaka chake cha miiba, akasikia sauti. Sauti yake mwenyewe.

"Kwe-kwe-tii! Punje zangu, mbawa ziko wazi!"

Kivuli kimesimama mlangoni, mwenyewe hakuna. Kimefungua mbawa. Mtoto wa kwanza akaingia chini yake. Wa pili. Wa tatu. Hawakutokea upande wa pili.

"Rudini!" Kanga akapiga kelele. "Mama ni mimi!"

"Mama ni mimi," kikasema kivuli, kwa sauti ileile.

"Mimi ni Kanga, binti wa..."

Kivuli kikalitaja jina la mama yake kabla yeye hajalifikisha mdomoni. Akaanza kutaja majina ya watoto. Kikayataja yote saba, kwa utaratibu wa kuanguliwa kwao. Akatafuta, jamani, akatafuta moyoni neno moja tu ambalo hakuliambia jabali. Hakuliona. Vifaranga wanne wamesimama katikati, wanatazama huku, wanatazama kule, wanalia tii, tii.

Maneno yakamwishia. Akajilaza chini, mbawa wazi, machozi yanamtoka, akanyamaza. Kivuli kinaita, kinaita. Yeye kimya. Yule mdogo kuliko wote akasogea polepole, akaingiza kichwa kifuani mwake.

"Hapa pana joto!" akalia. "Jamani, mama ni huyu!"

Wote wanne wakajikunyata chini yake. Kivuli kikajikunja, na chini yake ukaonekana mwili wa Chatu, yule aliyekaa nyuma ya jabali, mrefu, mnene, unateleza kwenye nyasi. Swiii. Tumboni ana vinundu vitatu.

Kanga alihama siku hiyohiyo. Akatunga mwito mpya, akamnong'oneza kila mtoto sikioni, chini ya bawa, basi. Kisha akaenda jabalini, akakuta kivuli chake kimerudishwa mahali pake. Akakikwangua kwa makucha mpaka yakatoka damu. Hakikufutika. Na mpaka leo, jua likifika utosini, ile sauti yake ya zamani huzunguka porini: "Kwe-kwe-tii! Punje zangu!" Na vifaranga watatu huitikia. Tii. Tii. Tii. Kanga huwafunika wale wanne, akauma ulimi, asiitike.

Mmesikia? Jina lako, sura ya mwanao na neno la kufungulia mlango wako, usimpe usiyemjua, hata akuombe kwa sauti tamu namna gani. Ukishavitoa, si vyako tena. Na wewe Mama Shufaa, usiifiche hiyo simu, sikusemi peke yako. Sote tuna jabali letu mfukoni.

Hadithi yangu imekomea hapo. Anayeitaka na aichukue, ila jina langu aniachie.