Ubeti wa Pili

Kinyozi ni fundi wa vichwa vya watu. Hukuinamisha, akakugeuza huku na huku, akauona hata unywele mmoja uliojificha nyuma ya sikio. Lakini mwambie akinyoe kisogo chake mwenyewe, uone! Ndipo wahenga wakasema kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Anayebisha na amwulize Tamar wa Hewani, aliyejikata mbele ya watu wa Garsen.

Ilikuwa mwaka wa 1998. Maji ya El Nino yalikuwa yamekwisha kurudi mtoni, na mahindi yamesimama tena mashambani. Tamar, binti wa mkulima, alikuwa kidato cha tatu, naye alipata kuazimwa kamera ya video na parokia. Akatunga wimbo wa kuwasihi wakulima na wafugaji waiheshimu malka, ile njia ya ng'ombe kuteremkia mtoni. Mwimbaji alikuwa rafiki yake Qabale, binti wa mfugaji, mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Tamar alimsimamisha kando ya mto, mashamba ya Hewani yakiwa nyuma yake, akampiga picha hadi jasho likamtoka.

Mzee Gollo, baba yake Qabale, alikubali kwa shingo upande. "Ijumaa nitakuja nione watu wanavyomtazama mtoto wangu," alimwambia Tamar. "Wakimheshimu, ataimba. Wakimcheka, mambo ya kuimba yamekwisha."

Qabale alipoyasikia hayo, aliogopa. Kuimba ndiko kulikokuwa furaha yake hapa duniani.

Mwalimu Harrison wa shuleni kwao aliwashauri waupeleke wimbo kwanza kwenye kibanda cha video cha Mukhtar mjini Garsen, watu wauone na kutoa maoni, kisha warekebishe kabla ya siku ya mzee. Shauri jema. Wakulima wakakaa mabenchi ya kulia, wafugaji ya kushoto, jenereta ikanguruma, kanda ikawekwa.

Ubeti wa kwanza ulipita vizuri, watu wakitikisa vichwa. Ulipoingia wa pili, lo! Kikohozi kikazuka huku, benchi likalia kule, na nyuma mtu akaguna kama aliyemeza mfupa.

"Haya, semeni," Tamar aliwaomba wimbo ulipokwisha. "Nirekebishe wapi?"

"Ubeti wa pili mrefu," alisema mkulima mmoja wa kijiji cha Wema.

"Sauti ndogo," alisema mama mmoja wa Kiorma kutoka mabenchi ya wafugaji. "Huo wa pili."

"Mimi naona ule mtandio mwekundu unaumiza macho, dada," alisema Mukhtar, huku akishughulika na waya usiokuwa na kasoro.

Mama yake Tamar alitazama miguu yake. "Umejitahidi, mwanangu. Ila huo ubeti wa pili... basi tu."

Basi tu nini? Tamar alirudi shuleni kichwa kikimwanga. Kila mmoja na lake, na yote yakiangukia mahali pamoja! Hata hivyo alitii. Akaufupisha ubeti, akapandisha sauti, akapunguza rangi kwenye mashine ya kuhariri picha mpaka Qabale akawa wa kijivu kama samaki wa jana. Picha yenyewe hakuibadili, maana ndiyo aliyoipenda kuliko zote: Qabale amefumba macho, mkono kifuani.

Wimbo ukaonyeshwa tena. Kikohozi kilekile! Aliyesema ubeti ni mrefu sasa akasema umekatwa vibaya. Aliyesema sauti ni ndogo akalalamika kuwa inapasua masikio. Mukhtar naye, bila haya, akauliza ule mtandio mwekundu mzuri umekwenda wapi.

"Hawa watu wana nini?" Tamar alifoka walipotoka nje.

Qabale alikuwa akilia. "Niambie kweli, Tamar. Ni mimi? Nikiimba ninakaa vibaya?"

Tamar alimfuta machozi kwa kiganja.

Ijumaa ikafika. Baada ya sala, mzee Gollo aliingia, akaketi benchi la mbele na Qabale ubavuni pake. Tamar alikuwa amezirudisha rangi, lakini hakuwa na hamu tena ya kuutazama wimbo wake. Alichuchumaa kando ya televisheni, mgongo ukutani, akawatazama watu.

Ubeti wa kwanza, macho yote yalikuwa kwa Qabale. Ubeti wa pili ulipoanza, macho yakamwacha Qabale, yakahamia pembeni mwa kioo, ya wakulima na ya wafugaji pamoja, kama yaliyovutwa kwa kamba moja. Hata ya mzee Gollo. Nyuma mtu akashindwa kujizuia, akacheka.

Mzee Gollo akasimama. "Twende," alimwambia binti yake.

"Mukhtar, rudisha nyuma!" Tamar alipiga kelele. "Simamisha hapo!"

Akakodoa macho, asione ila Qabale. Ndipo akaweka kiganja juu ya kioo, akaufunika uso wa rafiki yake. Mungu wangu! Nyuma ya bega la Qabale, ng'ombe mmoja mwekundu mwenye doa jeupe pajini alikuwa ndani ya shamba, anatafuna mahindi bila wasiwasi, tena kwa kufuata mdundo. Na shamba lile Tamar alilijua. Lilikuwa la mama yake.

"Ng'ombe!" Tamar alisema. "Ng'ombe anakula mahindi ya mama, na mimi niliyeshika kamera sikumwona! Mbona hamkuniambia?"

"Nani aseme, dada?" Mukhtar alijibu. "Mkulima akisema, amedai fidia. Mfugaji akisema, amekiri kosa. Tukasema mtandio."

Kicheko kikaanza, kikakatika. Mzee Gollo alikuwa bado amesimama mlangoni.

"Wangu huyo," alisema taratibu. "Nilidhani mmemweka makusudi, mniaibishe kwa mdomo wa mtoto wangu."

"Haki ya Mungu, mzee, sikumwona!" Tamar aliapa.

"Nami nilidhani umemwona ukanyamaza," mama yake Tamar alisema kutoka benchi la kulia, "usije ukamuudhi rafiki yako."

Tamar alijifuta machozi. "Basi nimkate?"

"Usimkate," alisema mzee Gollo. "Watasema nimekuomba umfiche. Jumatatu njoo na kamera yako palepale."

Jumatatu ng'ombe mwekundu hakuhitaji kubembelezwa, mahindi aliyajua. Qabale akaimba, mtandio wake mwekundu kichwani. Ulipofika ubeti wa pili, mzee Gollo mwenyewe akatokea na fimbo yake, akapiga mluzi, akamtoa mnyama shambani. Mama yake Tamar akamwonyesha kwa mkono malka inakopita, naye mzee akamwelekeza ng'ombe huko. Kibandani kwa Mukhtar watu walipiga makofi mpaka sauti ya jenereta ikapotea, wakataka ubeti ule urudiwe.

Qabale alimgeukia baba yake, asithubutu kuuliza.

"Imba," mzee Gollo alimwambia. "Ng'ombe nitachunga mimi."

Tangu siku hiyo Tamar hakutoa kazi yoyote kabla ya kuchuchumaa kando ya kioo na kuyatazama macho ya watu. Kweli kinyozi hajinyoi. Aliye na akili huinamisha kichwa, akampa mwenzake wembe.