Nyati Apiga Kelele kwenye Mlango wa Siri

Hapo zamani za kale, nyati hakujua kunong'ona. Hata leo hajui, lakini tuanzie huko. Wewe unayetafuna muhogo, tafuna polepole, nataka nisikike.

Kobe alikuwa na ghala la nafaka lenye milango miwili. Mlango wa mbele ulikuwa wa maneno ya wazi: mvua imenyesha wapi, karanga zimefika au bado. Mlango wa nyuma ulikuwa wa akiba. Kila mnyama aliyeweka chakula chake cha kiangazi alichagua neno la siri, na Kobe alimtambua kwa neno hilo tu, maana mlango wenyewe ulikuwa na tundu moja dogo na Kobe hakuona nje.

Desturi ya huko nyuma ilikuwa hivi. Unagonga, unanyamaza. Kobe anakutolea mwanzi tunduni. Unatia mdomo kwenye mwanzi, ndipo unasema, na maneno yanaingia sikioni mwa Kobe bila kupita kwingine.

Na aliyesema bila mwanzi? Zamani, ghala lilipokuwa la Kenge, Kenge aliziba tundu asijibu kitu, na wanyama walishinda pale juani bila kujua wamekosea nini. Kobe aliona hiyo si adabu. Yeye aliwajibu, tena kwa sauti ya wazi, maana asiye na mwanzi atasikiaje kwa mwanzi? Na wote aliwapa jibu moja: "Umesema wazi kwenye mlango wa siri. Chukua mwanzi uanze upya."

Sasa, Pimbi alikuwa na shamba dogo la mtama kando ya mawe. Nyati akapita, akajigaragaza humo, akaumaliza mtama wote ukiwa karibu kuvunwa. Pimbi alipokwenda kulalamika, Nyati alimwambia hakuona shamba, aliona majani. Watoto wa Pimbi wakawa wanakula mizizi, na yule mdogo akaacha hata kulia. Pimbi aliumia sana, lakini utapigana vipi na nyati na wewe kimo chako ni cha paka?

Asubuhi moja akamwona Nyati anaelekea ghalani. Akakimbia, akamtangulia. Ngo, ngo, ngo! Mwanzi ukatoka, Pimbi akaushika, na hakuuachia.

Alimuuliza Kobe hali. Akauliza hali ya mke wa Kobe, kisha ya goti la mke wa Kobe. Kobe alipenda kuulizwa, akajibu yote kwa kirefu. Nyuma yake Nyati akaanza kuchimba ardhi kwa kwato.

Pimbi akageuka kwa heshima zote. "Samahani, Bwana Nyati. Mwanzi huu ni wa sisi wadogo. Mkubwa kama wewe, si sauti yako inatosha?"

Nyati alilipenda neno hilo. Akasogeza kichwa tunduni, akavuta pumzi.

"KITOTO CHA MAMA! Nipe mtama wangu!"

Ndege wakaruka purrr. Twiga, aliyekuwa kwenye foleni, akatazama mawingu kwa makini.

"Umesema wazi kwenye mlango wa siri," Kobe akajibu. "Chukua mwanzi uanze upya."

Nyati akamnyang'anya Pimbi mwanzi, akalisema humo neno lile lile. Akasukumiwa gunia moja kwa chini ya mlango, akaondoka akiamini siri yake iko salama, kwa kuwa mara ya pili alitumia mwanzi.

Alasiri Pimbi akarudi. Akagonga, akanyamaza, akapokea mwanzi. "Kitoto cha mama," akasema, kwa sauti nzito kadiri alivyoweza. Gunia likatoka, na familia nzima ikalisukuma mpaka nyumbani. Yule mtoto mdogo alikula mpaka akasinzia na uji mdomoni.

Nyati alipokuja tena akakuta akiba imepungua. Akaenda mlango wa mbele kufoka.

"Si ulinikatalia nilipopiga kelele?"

"Nilikukatalia mtama," Kobe akasema. "Masikio ya waliokuwa nje sikuweza kuyakatalia. Badilisha neno lako, ndugu yangu."

Nyati akaona huo ni ushauri mzuri. Akazunguka nyuma, akasogeza kichwa tunduni.

"KIPENZI CHA BIBI! Hilo ndilo neno langu jipya!"

Ndege wakaruka tena purrr.

"Umesema wazi kwenye mlango wa siri," Kobe akasema. "Chukua mwanzi uanze upya."

Kule juu ya mawe, Pimbi akamwambia mkewe atenge nafasi ya gunia la pili, maana shamba lao lilikuwa la magunia mawili.

Hadithi yangu nailaza hapo, na funzo lake ni hili: siri ukishaipayuka, kuinong'ona baadaye hakukusaidii.