Bi Nguchiro na Duara Dogo

Usinibetulie midomo, wewe uliyekaa karibu na jiko. Unadhani hiyo taekwondo imeletwa juzi na mwalimu wenu wa michezo? Punda alikuwa akiicheza kabla babu yako hajaota meno. Hebu kaa vizuri, usikie.

Hapo zamani za kale, mwaka ambao hata umande uligoma kuanguka, kisima chenye maji kilibaki kimoja tu, nacho kilikuwa ndani ya ua wa Punda. Ufunguo wa lango aliutundika chumbani kwake. Aliyetaka maji, sharti apigane naye kwanza. Fisi alipigana, akarudi anachechemea. Nyati alipigana, akarudi amebebwa.

Bi Nguchiro alikuwa na watoto wanne, ndimi zimewakauka kama magome. Mwenyewe kimo chake kilimfika Punda gotini. Lakini mapigano yote aliyachungulia kwenye upenyo wa ua, akaona ambalo Nyati na ukubwa wake hakuliona: Punda hapigi teke mpaka ageuke kwanza.

Akaenda. "Hodi!"

"Nani?"

"Mimi Nguchiro. Nimekuja kupigana."

Punda akacheka, meno yote ya njano nje. "Hi-hooo! Kwa miguu ipi, bibi? Hizo njiti za kibiriti?"

"Kwa ngumi, bwana. Nikishinda, ufunguo wangu na kisima cha wote. Nikishindwa, mimi na wanangu tunahama bonde hili leo hii."

"Ngumi! Mzee Kobe, umemsikia? Hebu mwambie!"

Kobe ndiye aliyekuwa mwamuzi. Akatoa kichwa gambani taratibu. "Teke la kichwa, alama tatu. Teke la kifua, mbili. Ngumi ya kifua, moja, tena nisipoisikia ikilia, siihesabu. Atakayekanyaga nje ya duara, mwenzake anaongezewa moja. Wa kwanza kufika kumi ndiye mshindi."

"Moja moja!" Punda akamcheka. "Utafika kumi mwaka gani?"

Bi Nguchiro akapiga magoti. "Basi nakusihi, bwana wangu, duara liwe pana! Pana kama uwanja wa soko, nipate pa kukimbilia!"

"Ahaa! Unataka kunikimbia? Mzee Kobe, chora dogo. Dogo kama kitanda!"

"Maskini mimi!" akalia Bi Nguchiro, kiganja mdomoni. Nyuma ya kiganja alikuwa anatabasamu.

Wakavaa vizibao vya ngozi kavu. Wanyama wakajaa mpaka juu ya ukuta.

"Anza!"

Punda alikuwa ameshageuka, mjanja yule. Vuuup, paa! Kichwani. Bi Nguchiro akabingirika. Hajakaa sawa, paa! Kifuani.

"Tano kwa bila," akasema Kobe.

"Fungasha vyungu, mama!" Fisi akapiga kelele.

Bi Nguchiro akatema vumbi. Akakimbia mbele, si nyuma, akajibandika kifuani kwa Punda kama kupe. Akapiga. Tip.

"Sijasikia," akasema Kobe.

Akaukaza mkono, akaruka kama bisi, bega zima ndani ya ngumi. NDI!

"Moja!"

NDI! NDI!

"Tatu!"

"Sogea huko!" Punda akafoka. "Nipe nafasi nigeuke!"

"Nisogee wapi, bwana? Duara dogo."

Punda akageuka kwa nguvu, kwato za mbele zikatua nje ya mstari.

"Nje! Nne kwa Bi Nguchiro."

NDI! NDI! Sita. Ukuta mzima ukapiga vigelegele. Punda macho mekundu, akaruka juu, akageukia hewani. Paaa! Kichwani!

Bi Nguchiro chali, masikio yanavuma.

"Nane kwa sita," akasema Kobe. Teke moja tu, lolote, Punda angemaliza.

"Mama, amka!" Watoto wanne kwa pamoja.

Akaamka. Akambana Punda tena, pua yake ndani ya kizibao. NDI! Saba. Punda akarudi nyuma kutafuta nafasi.

"Nje! Nane kwa nane!"

Hapo akili ikamruka. Aliyekuwa akizicheka ngumi akakunja kwato yake mwenyewe, akamtwanga Bi Nguchiro puani. Pwaa!

"Yesaa!" Punda akashangilia. "Ngumi! Nipe alama!"

"Ngumi ya uso ni marufuku," akasema Kobe. "Hiyo moja ni yake. Tisa."

"Marufuku tangu lini?"

"Tangu kabla hujazaliwa. Hukuwahi kuuliza."

Na wakati Punda amemgeuzia Kobe kichwa abishane, Bi Nguchiro, damu puani, akaruka.

NDIIII!

"Kumi!"

Ukuta mzima ukalipuka kwa shangwe, na kundi zima likateremkia kisimani. Punda akakimbilia chumbani. Bi Nguchiro akamfuata mpaka ndani, mkono ameunyoosha.

"Ufunguo, bwana."

"Umenidanganya! Ulitaka duara pana!"

"Nililitaka. Nani aliyeninyima?"

"Turudie! Kesho! Uwanja mpana!"

"Kesho nina nguo za kufua."

Mkubwa aliyezoea kumcheka mdogo huchelewa kuhesabu anachopigwa.

Bi Nguchiro akautungua ufunguo ukutani, akatoka, akamwacha Punda chumbani, akaufunga mlango.